Daftari la Muuguzi Lisomwe

Mwaka 2010 uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu ulionyesha kuwa katika mkoa wa Singida wanawake 51 kati ya kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha wanawake 31. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 20. Mwenye kusoma tarakimu hizi upesi upesi atasema kuwa kazi imekwisha, au i karibu kwisha, na kwamba lililobaki ni kupongezana. Sisi hatuzikatai pongezi. Wazee, walimu, viongozi wa dini na wanachama wa Singida wamefanya kazi kubwa, na haki yao wapewe. Lakini ndani ya tarakimu hizi mna jambo lisiloonekana na msomaji wa haraka, na aliyekaa mahali pa kuliona ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto.

Uchunguzi wa taifa huwahesabu wanawake waliokwisha kutimiza miaka 15. Mtoto mchanga akikatwa leo katika kijiji cha Manyoni au Ikungi, hataingia katika hesabu hiyo mpaka miaka 15 ipite. Ni kweli kwamba mama huulizwa pia habari za binti zake walio wadogo. Lakini mama ajuaye kuwa jibu la "ndiyo" laweza kumfikisha mahakamani, atajibu "la". Kwa hiyo ile 20 ya mwaka 2022 ni habari ya wasichana waliozaliwa mwaka 2007 na kabla yake. Habari ya mtoto aliye mgongoni mwa mama yake asubuhi ya leo haimo.

Katika mikoa mingine jambo hili lingekuwa dogo. Singida si dogo, kwa kuwa huku kisu kimehama. Zamani Wanyaturu na Wagogo walimkata msichana alipokaribia kuwa mwali, kwa ngoma na kwa mafunzo, na kijiji kizima kilijua. Baadaye mkono ukageukia watoto wachanga. Katika nchi nzima, uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa kati ya wanawake waliokeketwa, kiasi cha 35 kwa kila 100 walikatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mtoto wa umri huo hana ngoma ya kupigiwa. Hukatwa ndani, kimya kimya, na jirani huenda asijue kamwe.

Sababu inayotajwa ni lawalawa. Wenyeji wa Singida na Dodoma hawahitaji kuelezwa neno hilo, lakini kwa wasomaji wa pwani twaeleza. Lawalawa ni jina la jumla la muwasho, uvimbe na uchafu katika sehemu za siri za mtoto wa kike, pamoja na maradhi ya njia ya mkojo. Yasemekana neno hilo lilianza kusikika sana miaka ya mwanzo ya 1970, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati Serikali na Chama vilipokuwa vikihimiza mila ya kuwakata wasichana iachwe. Watu wakaona watoto wao wanaugua, wakasema mizimu imekasirika kwa kuachwa kwa mila, na dawa ni kukata. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Manyoni na kuchapishwa mwaka 2012 ulieleza mambo mawili pamoja: kwamba mila ilihama kutoka kwa msichana aliyevunja ungo hadi kwa mtoto mchanga kwa jina la kutibu lawalawa, na kwamba kuhama huko kulikuwa pia njia ya kuikimbia sheria.

Tuseme wazi, kwa kuwa gazeti hili ni la Chama na Chama hakina sababu ya kuogopa historia yake. Katazo lilikuwa la haki. Lakini katazo lilifika katika vijiji vingi kabla ya maji safi, kabla ya zahanati, na kabla ya mtu wa kumweleza bibi kwamba muwasho wa mtoto huletwa na vijidudu na huondolewa kwa usafi na dawa ya kawaida. Pengo hilo likajazwa na mizimu. Basi kila tunaposema kuwa wananchi wa mahali fulani ni wagumu wa kuelewa, kwanza tuulize ni nani aliyekwenda kuwaeleza, na alikwenda lini.

Hapa ndipo uuguzi unapoingia, na hapa ndipo twataka msomaji akae kidogo. Ugonjwa wa lawalawa una sehemu mbili. Moja iko mwilini mwa mtoto, nayo yatibika. Ya pili iko katika moyo wa nyumba. Mtoto analia usiku kucha. Mama, ambaye huenda ana miaka 17 na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza, hana usingizi. Mama mkwe ameketi mlangoni akisema kuwa katika ukoo huu hakuna mtoto aliyepona lawalawa bila kukatwa. Baba yuko shambani au amekwenda kutafuta kazi mjini. Mama huyo ana hofu, na hofu hiyo ni ugonjwa wa nyumba nzima. Muuguzi akimpa dawa ya muwasho na kumwacha na hofu yake, mtoto atapona juma hili, na juma lijalo, akilia tena, ngariba ataitwa. Ndiyo maana wenye kusomea uuguzi siku hizi hawatenganishi afya ya uzazi ya msichana na afya ya akili ya familia yake. Mtu akisikia maneno hayo kwa mara ya kwanza hudhani ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja na wasomi kwa kutafuta jambo la kuandika. La hasha. Katika nyumba tuliyoitaja ni jambo moja.

Utafiti wa wauguzi wetu wenyewe unatufundisha kadiri nyumba zinavyobeba mizigo hii bila msaada. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, wakiwamo walimu wa uuguzi, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na familia zinazotunza wagonjwa wa akili katika jiji la Dar es Salaam. Walikuta ukosefu wa fedha, kuvurugika kwa maisha ya nyumbani, kutengwa na kunyanyapaliwa na majirani. Na walikuta kwamba faraja kubwa ya watunzaji hao ilikuwa kukubali yaliyowapata na kumtegemea Mungu. Hayo ni ya Dar es Salaam, ambako hospitali ziko karibu. Singida, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu 2,008,058. Kwa muda mrefu jina linalotajwa mtu akiharibikiwa na akili ni Mirembe, hospitali iliyoko Dodoma tangu mwaka 1927, na kutoka Singida mjini mpaka huko ni zaidi ya kilomita 200. Wa Mkalama huenda Haydom, ng'ambo ya mpaka wa mkoa. Lakini nani atampeleka mama wa miaka 17 asafiri umbali huo kwa sababu halali usiku na halii wala hacheki? Hakuna. Atasemwa kuwa mvivu, au kuwa amerogwa. Wataalamu wa maradhi ya akili ni wachache mno nchini, na hawawezi kuongezeka kwa mwaka mmoja. Aliyepo leo kijijini ni muuguzi wa zahanati.

Na vijana? Zamani ilidhaniwa kwamba wakielezwa tu, yatosha. Jaribio kubwa la kulipima wazo hilo lilifanywa mkoani Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, nalo liliitwa Mema kwa Vijana. Katika vijiji vya maeneo 20, nusu yao walipewa mafunzo ya darasa la tano hadi la saba, watumishi wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana kwa heshima, na jamii ikashirikishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kuwa ujuzi wa vijana uliongezeka vizuri, lakini maambukizi ya virusi vya UKIMWI na mimba havikupungua ipasavyo. Kijana alijua, wazazi, wakubwa wenye fedha, na desturi za kijiji vilibaki pale pale. Hivi karibuni, mwaka 2022, watafiti wa uuguzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma walichapisha jaribio la shule za sekondari lililoonyesha kuwa wanafunzi wakipewa tatizo la maisha walijadili na kulitatua wenyewe, hupata uwezo wa kukataa na kuamua kuliko wanaposomewa somo. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo mwanafunzi hurudi nyumbani jioni, na nyumbani ndiko anakokutana na mama mkwe wa kesho.

Twajua kuwa katika nchi nzima, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kushika mimba walikuwa 27 kwa kila 100 mwaka 2015 na 2016, wakawa 22 mwaka 2022. Twajua pia kuwa Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni. Uamuzi huo tunauunga mkono bila kusitasita. Lakini msichana anayerudi darasani akiwa na maziwa kifuani, huku wenzake wakimcheka na baba yake hasemi naye, anahitaji mtu wa kumsikiliza. Mwalimu ana wanafunzi wengi mno. Tunarudi kwa muuguzi yule yule.

Basi muuguzi huyu tumemtwika mengi, na liko moja ambalo twadhani tumemtwika kwa makosa. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya kumkeketa mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Adhabu yake ni kifungo cha miaka isiyopungua 5 na isiyozidi 15, au faini, au vyote viwili. Sheria hiyo ni njema na ibaki. Lakini mama akishaamini kuwa aliyevaa nguo nyeupe ni mpelelezi, hatafika kliniki. Atazalia nyumbani, mtoto hatachanjwa, na kisu kitafanya kazi yake mahali pasipo na jicho la mtu.

Wapo wasemao kuwa hiyo ni kuwatetea wahalifu. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa wajibu wa kutoa taarifa kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa. Haikusema muuguzi peke yake. Jirani anayemwona ngariba akiingia nyumba ya mzazi jioni ana wajibu huo. Balozi wa shina ana wajibu huo, na yeye anaishi pale pale, anajua nani amejifungua na nani amelipwa kuku wawili. Kwa nini basi wote tunakaa kimya mpaka mtoto afike kliniki akiwa amekwisha kukatwa, ndipo tumuulize binti mmoja wa zahanati, ambaye ni mgeni katika kijiji na hana mahali pengine pa kulala, kwa nini hakuripoti? Huo ni uoga wetu tunaouhamishia kwake. Kazi yake ya kwanza ni kumtibu mtoto na kumtuliza mama. Kazi ya kuzuia kisu kabla hakijatoka alani ni yetu.

Ipo kazi nyingine ambayo hakuna awezaye kumfanyia, nayo ni kuhesabu. Kila siku anaandika katika vitabu vya zahanati: umri wa mama, uzito wa mtoto, chanjo. Vitabu hivyo hujazwa, hujumlishwa, hupelekwa wilayani, na kijiji kilichotoa habari hakioni kitu. Tunapenda hesabu hizo zirudi, bila jina la mtu hata mmoja. Kata ijue kuwa katika miezi mitatu iliyopita wasichana wangapi wa chini ya miaka 18 walifika kujifungua, watoto wa kike wangapi waliletwa kwa muwasho na kutibiwa, na wangapi walioonekana wamekatwa. Hapo haitakuwa lazima kungoja miaka 15 ili kujua kama ile 20 ni ya kweli.

Jambo hili halitaki fedha nyingi. Lataka dakika thelathini katika mkutano. Kamati za maendeleo za kata hukutana. Mikutano ya matawi hufanyika. Jumuiya ya Wazazi na UWT wana vikao vyao, na huko mara nyingi huzungumzwa michango na mapokezi ya wageni. Aitwe muuguzi, apewe kiti mbele, asome tarakimu zake, kisha akina bibi waliokuja waulizwe habari za lawalawa, wala wasihubiriwe. Wengi wao wanajua mengi kuliko wanavyodhaniwa, na baadhi yao walikatwa kwa hofu ile ile waliyoirithisha. Vijana wa UVCCM, waume wa kesho, wawepo na wasikie; mwanamume anayesema waziwazi kuwa bintiye hatakatwa humwondolea mkewe mzigo ambao hakuna kidonge kinachouondoa.

Na viongozi wa wilaya za Singida, kutoka Iramba na Mkalama mpaka Manyoni, wanapokagua zahanati, wasiishie kutazama paa na rangi ya ukuta. Waombe kuonyeshwa chumba ambamo msichana aweza kuzungumza na muuguzi bila foleni nzima kumsikia. Palipo na zahanati isiyo na chumba hicho, tofali na mabati vyapatikana kwa nguvu za wananchi, kama vilivyopatikana kwa madarasa, na msimu huu baada ya alizeti kuvunwa ndio wakati wa kuanza.