Mapambo ya Idi na Mikono ya Watoto Wetu

Ndugu Waislamu, kila inapokaribia Idi huzuka mjadala juu ya mapambo. Wapo wanaodai kwamba vile vipira vya uzi wa kufumia wanavyotengeneza mabanati wa madrasa ni bid'a na kuiga Krismasi. Hoja hii haisimami. Mapambo ni katika ada, si katika ibada, na asili ya ada ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Hukatwa maduara mawili ya boksi, yakatobolewa katikati, yakawekwa pamoja na kuzungushiwa uzi mpaka tundu lijae. Kisha uzi hukatwa ukingoni kwa mkasi, ukafungwa kwa nguvu baina ya maduara hayo. (Fundo likilegea, kipira chote hupukutika.) Mabaki ya uzi wa sweta yanatosha. Kununua mapambo ya plastiki yatakayotupwa jalalani siku ya pili, hiyo ndiyo israfu iliyokemewa katika Suratul A'raf, aya ya 31.

Hata hivyo, visitundikwe upande wa kibla. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Bibi Aisha (r.a.) aliondoe pazia lenye picha kwa kuwa zilimshughulisha katika Swala, kama alivyopokea Bukhari. Na lililo zito zaidi ni kuwakesheza watoto na mikasi katika kumi la mwisho la Ramadhani, masiku ya kuutafuta Lailatul Qadri. Walimu wenzangu, kazi hiyo na ikamilishwe Shaabani.