Mgonjwa Naye Aulizwe Uji: Lugha, Vikundi vya Kijamii na Haki ya Afya katika Ufuo wa Kisumu

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Methali hii huchukuliwa kuwa ya huruma: asiyejiweza hupewa, hahojiwi. Hata hivyo, ikitazamwa kwa jicho la mhakiki, inafichua pia uhusiano wa mamlaka, kwani yupo anayekoroga na yupo anayenyweshwa, na huyu wa pili hana kauli kuhusu chumvi wala sukari. Kwa miongo mingi afya ya umma katika ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Siaya na Kisumu hadi Homa Bay, imeendeshwa kwa mantiki hiyo. La kusikitisha ni kwamba Kiswahili, lugha ambayo wasomaji wa jarida hili wameichagua kuwa taaluma yao, kimefanywa mwiko wa kukorogea.

Hebu tuzitazame matini zinazotafsiriwa. Bango linaloamuru watu wanawe mikono, kijikaratasi kuhusu chandarua, tangazo la redio la kipindupindu: hizo zote hupatikana kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa Dholuo. Lakini makadirio ya bajeti ya kaunti, mpango wa maendeleo wa miaka mitano na Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 vimeandikwa kwa Kiingereza. Amri humshukia mwananchi kwa lugha yake. Nyenzo za kudai haki zimefungiwa katika lugha ya ofisi. Hata Katiba ya 2010 haikuepuka mkinzano huu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kisha kifungu cha 259 kinatamka kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakipingana, la Kiingereza ndilo litakaloshika.

Huenda ikasemwa kuwa mkaazi wa ufuoni anahitaji dawa, si istilahi. Hoja hii ina uzito, ila historia ya eneo lenyewe haiiungi mkono. Mnamo 1979, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Alma-Ata, wenyeji wa Saradidi huko Asembo walianzisha mradi wa afya ambamo wanakijiji waliwachagua wenyewe watu wa kuwahudumia na kuwagawia dawa ya malaria nyumbani. Neno la Dholuo nyamrerwa, lililokuwa jina la mkunga au mganga wa kienyeji, likaja kutumiwa pia kwa wahudumu wa aina hiyo. Jambo la kuzingatia hapo ni uchaguzi: mgonjwa aliulizwa, na akajibu kwa msamiati wake.

Mfano wa Nduru, katika Kaunti ya Kisumu, una funzo kali zaidi. Wanawake wachuuzi wa samaki walikuwa wamezoeshwa mfumo wa jaboya, ambamo mvuvi hudai mwili wa mchuuzi ndipo amuuzie samaki. Ujumbe kuhusu VVU ulikuwa umehubiriwa kando ya ziwa hilo kwa miaka mingi, na bado kaunti za ufuo ziliongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi. Mwaka 2011 wanawake wa Nduru waliunda ushirika, wakapata mashua zao kwa msaada wa wafadhili, wakawaajiri wavuvi. Hawakukosa maarifa, walikosa mashua. Kisha ziwa likafura, na mafuriko ya 2020 yakaizamisha Nduru na kuwatawanya wakaazi wake. Mashua ya msaada, ikishaoza au kuzama, hurejesha mtu mlangoni mwa mfadhili, na siku hizi mlango huo umefungwa. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imekoma kuwa shirika la misaada. Fedha ambazo kikundi cha ufuoni kinaweza kuzidai kama haki yake ni zile zilizo katika bajeti ya umma, yaani katika waraka usiosomeka kwa wengi wao.

Majina nayo hayana budi kuchunguzwa. Kwa miaka mingi mhudumu wa afya ya jamii aliitwa "wa kujitolea", na jina hilo lilikuwa na gharama yake, kwa kuwa anayejitolea hadai ujira. Mwaka 2023 ndipo alipobadilishwa kuwa "mhamasishaji" na kuahidiwa posho. Vivyo hivyo neno "usawa", linalopendwa sana katika hotuba. Ukigawa chupa za dawa ya kutibu maji kwa idadi moja katika mtaa wa Milimani na katika mtaa jirani wa Nyalenda, ambako vyoo vya shimo na visima vifupi vinashiriki ardhi chepechepe, umetenda usawa. Haki hujaitenda.

Pingamizi la kweli ni lile la Dholuo: kwa nini mama wa Nyakach azungumziwe bajeti kwa Kiswahili ilhali ana lugha yake? Kwa hakika asikatazwe lugha yake. Lakini Kisumu ni mji wa Waluo, Waluhya, Wakisii na Wanubi, na fuo zake hupokea wavuvi kutoka Uganda na Tanzania. Kikundi kinachotaka kuwasilisha dai nje ya kijiji chake kinahitaji lugha ya pamoja yenye hadhi ya kisheria, na hiyo ipo tayari.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya eneo hili hufanya makongamano mazuri kuhusu ukuzaji wa istilahi. Istilahi hizo zipelekwe Dunga na Manyatta, zijaribiwe na vikundi vyenyewe juu ya ukurasa wa afya wa bajeti, na zile zisizoeleweka zitupwe bila majonzi. Kwa mujibu wa sheria, makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, nayo yanatarajiwa kupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Tafsiri itakayokamilika Agosti itawafaa watahini peke yao.