Si kila kuhara ni chakula kibovu

WATU wanapokula pamoja kisha wakaanza kutapika na kuhara, lawama huangukia nyama iliyolala au maji machafu. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini ipo sumu iitwayo aseniki, ambayo dalili zake za kwanza hufanana mno na za kipindupindu. Daktari anayeichukulia kuwa ugonjwa wa kawaida wa tumbo huipa nafasi ya kuua.

Zamani sumu hii ilitumiwa kuua panya, na hata katika majosho ya ng'ombe kuangamiza kupe. Haina harufu, na mlaji aghalabu haitambui kwa ladha.

Dakika au saa chache baada ya kuimeza, tumbo husokota, mgonjwa hutapika na kuhara majimaji kama maji ya mchele. Mwili hukaukiwa na presha ya damu hushuka. Wakati huo huo, aseniki huzizuia chembechembe za mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Ni kama jiko lililojaa makaa lakini haliwaki. Moyo hupiga ovyo, figo huanza kushindwa, na mgonjwa aweza kufariki katika muda wa siku moja.

Anayenusurika naye hajamaliza safari. Wiki chache baadaye huenda akafa ganzi miguuni na mikononi, akashindwa kutembea vyema, na mistari myeupe ikatokea kwenye kucha zake.

Gharama ya kukosea ilionekana mjini Wakayama, Japani, mnamo Julai 25, 1998. Watu 67 waliugua baada ya kula mchuzi wa bizari katika sherehe ya mtaa, na wanne wakafariki. Kwanza ilidhaniwa kuwa chakula kilikuwa kimeharibika. Kisha ikasemwa ni sianidi. Siku kadhaa zilipita kabla ya aseniki kutajwa.

Linganisha na yaliyotokea New Sweden, katika jimbo la Maine, Marekani, mnamo Aprili 2003. Waumini 16 walikunywa kahawa yenye aseniki kanisani. Mmoja alifariki. Jimbo hilo lilikuwa limeweka akiba ya dawa za kupambana na sumu kwa kuhofia ugaidi, na akiba hiyo ikatumiwa kuwatibu wagonjwa.

Funzo ni wazi. Dawa ya dimekaproli, iliyobuniwa Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO). Hufaa zaidi ikitolewa mapema. Kwa maoni yangu, kila hospitali ya rufaa ya kaunti yapaswa kuwa nayo, pamoja na mpango wa kupeleka mkojo wa mgonjwa kwenye maabara upesi, bila kusubiri mtu afe ndipo uchunguzi uanze.

Sisi wananchi pia tuna wajibu. Wengi wetu hukimbilia kumnywesha mgonjwa maziwa au kumtapisha kwa nguvu. Maziwa hayaondoi aseniki mwilini, na kumtapisha mtu aliyelegea kwaweza kumsakama. Mpelekeni hospitali mara moja, mkibeba mabaki ya chakula na chombo alichotumia. Mwelezeni daktari alikula nini, saa ngapi, na nani wengine walikula naye.

Pia tusimwage mabaki hayo wala kuosha sufuria kwa kuona aibu ya wageni, au kwa kudhani mtu amerogwa. Huenda sufuria hiyo chafu ndiyo itakayomwonyesha daktari dawa ya kutumia.