Wembe, Nyundo na Watoto wa Chekechea

Kila shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, wazazi huanza upya kunung'unika juu ya shule za watoto wadogo. Zamani manung'uniko yalikuwa juu ya ada na juu ya umbali wa njia. Sasa limezuka jambo jingine. Yako madarasa ya chekechea, mengi yakiwa ya watu binafsi na ya mashirika ya dini, ambamo mtoto wa miaka minne hupewa mkasi wenye kukata kweli, kisu kidogo cha kukatia tango, shazia ya kushonea gunia, hata nyundo na misumari. Mzazi apatapo habari hizo hushtuka. Huuliza: je, mwanangu nimempeleka shule au nimempeleka gereji? Wengine huenda mbali zaidi, wakamtaka mwalimu mkuu avifungie vitu hivyo kabatini, na asipokubali humhamisha mtoto.

Twapenda kusema tangu mwanzo ya kwamba hatuwacheki wazazi hawa. Mzazi asiyeogopea jicho la mwanawe si mzazi. Lakini twaona kuwa hofu yao, ingawa ni ya haki, imeelekezwa mahali pasipo pake, na kwa sababu hiyo hatari yenyewe hupita pembeni bila kuonwa na mtu.

Tuchukue mfano wa wembe. Katika shule zetu nyingi za msingi, mtoto huchonga penseli kwa wembe. Hununuliwa dukani kwa senti chache, ukavunjwa vipande viwili, kimoja akapewa kaka na kimoja dada, kikatiwa ndani ya daftari. Hauna mpini, wala hauna ala. Ukali wake umezidi wa kisu chochote cha jikoni. Darasani huazimwa kutoka dawati hadi dawati. Ukimkata mmoja, hupanguswa kwenye kaptura na kupewa wa pili. Tangu UKIMWI ulipoingia nchini waganga wametuonya tusichangie nyembe, na hao hao wanatuonya leo juu ya homa ya ini. Hata hivyo hatujasikia mkutano wa wazazi ulioitishwa kwa ajili ya wembe wa penseli. Mzazi yule yule aliyeununua asubuhi ndiye anayepiga kelele jioni juu ya kisu chenye mpini, chenye ncha ya mviringo, kilichotumiwa mezani mbele ya mwalimu. Wembe tumeuzoea, basi hatuuoni.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wengi husema maneno hayo wakiwa wamekasirika, maana yake ikiwa: mwache, atakapokatika atajua. Ni usemi wa kumwambia mkaidi aliyekwisha kuonywa mara nyingi, na hatudhani wahenga walikusudia uwe kanuni ya kuendeshea chekechea. Lakini yule ampaye mtoto wembe akageuka kwenda zake, na yule auchukuaye wembe akauficha juu ya kabati, wanafanana kuliko wanavyodhani. Wote wawili wamejiondolea kazi ya kufundisha. Mtoto wa kwanza atajifunza kwa jeraha. Wa pili atapanda kiti siku moja, hakuna mtu nyumbani, aufikie wembe akiwa hajui hata upande wa kuushika. Kazi iliyo ngumu ni ile ya kukaa chini karibu na mtoto, ukashika mkono wake, ukamwonyesha polepole, na kesho ukamwonyesha tena.

Wako wanaodhani mambo haya ni fasheni ya matajiri wa mijini. Sivyo yalivyoanza. Tarehe 6 Januari 1907 daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa vibarua na mafukara. Wazazi walikuwa kazini kutwa, na watoto walibaki wakichafua kuta na ngazi za majengo. Bibi huyu aliwapa ufagio wa kimo chao, beseni la maji, meza nyepesi wanazoweza kuzihamisha wenyewe, na vyombo vya kioo na vya udongo ambavyo vikianguka huvunjika. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo kisichovunjika hakimwambii mtoto kuwa amekishika vibaya. Hapa kwetu masista Wakatoliki wamewafunza walimu wa njia hiyo kwa miaka mingi, kama kule Lushoto, na walimu hao wamekwenda hata vijijini. Na huko Norway, ambako hakuna anayeweza kusema kuwa watoto hawapendwi, chekechea nyingi huwatoa wadogo porini wakachonge vijiti kwa visu.

Lakini hata kwenda Roma na Norway ni kujipa safari isiyo ya lazima. Mtoto wa Bukoba hukaa kando ya mama yake ndizi zikimenywa, naye akapewa kisu chake kidogo na ndizi yake moja. Mtoto wa Kimasai huachiwa wana-kondoo angali mdogo sana. Pwani, mtoto wa kike hupewa mchi mwembamba atwange pamoja na bibi yake. Wakristo husimuliwa kuwa Yesu alilelewa nyumbani mwa seremala, na Waislamu husimuliwa kuwa Nabii Zakaria alikuwa seremala. Hatudhani kwamba katika nyumba hizo msumeno ulikuwa ukifichwa kila mtoto alipoingia. Elimu yetu ya asili ilikuwa ya mikono kabla haijawa ya kalamu.

Hapo, hata hivyo, ndipo ilipo tofauti ambayo wapenzi wa njia hizi huipitia haraka. Nyumbani Bukoba mama mmoja ana watoto wawili au watatu kando yake. Shuleni mwalimu mmoja ana wangapi?

Kipimo cha serikali kwa elimu ya awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Kila anayezijua shule zetu za umma ajua ya kuwa kipimo hicho, katika mahali pengi, kimebaki kwenye karatasi. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Ile ya mwaka 2014 iliifanya iwe ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Na tangu Januari 2016 ada ikaondolewa. Wazazi waliitikia wito kwa furaha, na madarasa yakajaa. Hilo ni jambo la kujivunia, nasi hatutaacha kulisifu. Lakini walimu hawakuongezeka kwa mwendo huo, na mahali pengine darasa la awali hupewa mwalimu yeyote aliyepatikana, kana kwamba kufundisha watoto wa miaka mitano ni kupumzika. Mwalimu mwenye watoto 90 katika chumba kimoja hawezi kufundisha kisu. Akijaribu, mzazi amemwogopa kwa haki. Na mwalimu huyo huyo hawezi kuona wembe ule wa penseli ukipita dawati la nyuma.

Basi hatari iko katika idadi, wala haiko katika chuma. Ubaya ni kwamba ukiondoa mkasi, mzazi hutulia, na akitulia hakuna tena anayeuliza habari za mwalimu wa pili.

Iko sababu nyingine ya hofu, nayo ni ya zamani. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, na wanafunzi washiriki kazi, wasije wakakua wakimdharau mzazi mkulima anayewalisha. Wazo hilo lilikuwa jema na lingali jema. Lakini wako waliolipotosha. Shamba la shule likawa shamba la mwalimu. Maji na kuni zikapelekwa nyumbani kwake. Na aliyechelewa namba akapewa jembe kuwa adhabu. Jembe la kujengea heshima ya kazi likageuka kiboko. Waliolimishwa hivyo ndio mababu na wazazi wa leo, na wakisikia kwamba mjukuu wao wa miaka minne amepewa nyundo shuleni, hukumbuka migongo yao. Haifai kuwaita watu hawa wajinga.

Hapo sheria yaweza kutusaidia kupambanua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi nyepesi. Mtoto wa chekechea, basi, hana kazi ya kumfanyia mtu. Lakini kukata tango analokwenda kulila na wenzake si utumwa, ni darasa. Mzazi anayetaka kujua atazame faida inakwenda kwa nani. Akikuta mboga za bustani ya watoto zimeishia kwenye sufuria ya mwalimu, apige kelele, nasi tutapiga pamoja naye.

Na ikumbukwe ya kuwa taifa linaihitaji mikono hiyo. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umefungua mkondo wa mafunzo ya amali katika sekondari, na serikali inahimiza vijana waujaze. Ni vema. Lakini itakuwa vigumu kumpata fundi mahiri wa miaka 15 ambaye kwa miaka kumi na zaidi kila alipogusa chombo aliambiwa: acha, utajikata.

Jinsi ya kufanya si siri, na walimu waliofunzwa huijua. Mtoto haanzi na nyundo. Huanza na kumimina maji, kufagia, kufunga vifungo. Kisha mkasi kwenye karatasi. Kisha kisu kwenye ndizi mbivu, halafu tango, na karoti baadaye sana. Hukata akiwa ameketi. Mkasi hubebwa makali yakiwa yamefumbatwa ndani ya kiganja, wala hakuna kukimbia nao. Kisu kiwe na makali ya kutosha, jambo ambalo wazazi hulisikia kwa mshangao. Lakini kila mpishi ajua ya kuwa kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ndiyo iponyokayo. Nyundo iwe nyepesi, misumari yenye vichwa vipana, na mbao za mwanzo si mbao bali kipande cha shina la mgomba, ambacho ni laini na hakina bei. Watoto wawili au watatu kwa wakati mmoja, wengine wakiwa na mwalimu wa pili. Vyombo vihesabiwe vinapotolewa na vihesabiwe vinaporudishwa, watoto wenyewe wakihesabu. Hesabu hiyo nayo ni somo. Maji safi, sabuni na bendeji viwe karibu. Panga, shoka na jiko lenye moto havina nafasi katika chekechea, wala wembe.

Kidole kitakatika siku moja? Kitakatika kidogo, kitaoshwa na kufungwa. Mwalimu amweleze mzazi siku hiyo hiyo, asingoje mzazi aone bendeji. Mengi ya magomvi tuyasikiayo hayakutokana na jeraha, yametokana na kufichwa kwa jeraha.

Twasikitika kuona pia kwamba hofu ya wazazi huchagua. Watoto wadogo wanaungua majumbani kwa majiko ya mkaa. Wanakunywa mafuta ya taa yaliyowekwa ndani ya chupa ya soda. Wanazama katika madimbwi na visima visivyofunikwa. Wanapakiwa alfajiri kumi na watano katika gari la watu saba, lenye bango la shule mbele na tairi zilizokwisha. Taifa halijaisahau tarehe 6 Mei 2017, pale Arusha ilipopoteza katika ajali moja ya gari huko Karatu wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva. Mzazi anayemwuliza mwalimu habari za mkasi na asimwulize dereva habari za breki amefanya nusu ya kazi yake.

Twashauri basi kama ifuatavyo. Shule inayotaka kutumia vyombo vya kweli iwaite wazazi kwanza, iwaonyeshe vyombo hivyo mezani, iwaache wavishike, na ikiwezekana iwaache wakae darasani asubuhi moja waone kwa macho yao. Hofu nyingi itaishia hapo. Wazazi nao wanunue kichongeo cha penseli, kitu cha bei ndogo, wauondoe wembe ndani ya madaftari. Halmashauri, zinapopanga fedha za mwaka, zisilihesabu darasa la awali kuwa ni mahali pa kulelea watoto tu, na zipeleke huko walimu waliosomea kazi hiyo. Viongozi wa chama katika matawi wasiishie kuhesabu walioandikishwa; waulize pia watoto hao wanafundishwa na watu wangapi.

Na pale ambapo darasa la watoto 90 lina mwalimu mmoja, wazazi wana haki kamili ya kuikataa nyundo mpaka mwalimu wa pili afike. Diwani wao aje kwenye mkutano wa kamati ya shule awaambie atafika lini.