Mvinyo mwekundu si dawa ya moyo

KATIKA mitaa iliyochipuka kandokando ya barabara kuu ya Thika, kuanzia Ruiru hadi Thika mjini, mvinyo mwekundu sasa ni kinywaji cha heshima. Ukialikwa kwenye ruracio au mkutano wa chama cha akina mama, hutakosa kuona chupa mbili tatu mezani. Na mara nyingi yule anayemimina atakuambia, hata kabla hujamuuliza, kwamba huu si kama pombe nyingine: huu husafisha damu na kulinda moyo.

Sina ugomvi na mvinyo wenyewe. Eneo hili la kati limezika watu wengi kwa sababu ya vileo visivyojulikana vilikotoka. Mnamo Mei 2014 makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Ni heri mtu ajue kilicho ndani ya glasi yake na aliyekitengeneza.

Tena si lazima awe tajiri. Anayetaka mvinyo mzuri wa Ufaransa kwa bei nafuu aachane na majina makubwa ya Bordeaux, atafute ule wa Côtes du Rhône au Languedoc, ambako familia nyingi hulima mizabibu na kutengeneza mvinyo zenyewe. Atazame kibandiko: maneno "Mis en bouteille au domaine" au "au château" yana maana kwamba mvinyo ulitiwa chupani shambani kwa mwenyewe. Na kwa kuwa Thika ni joto, auweke ndani ya friji kwa nusu saa kabla ya kuufungua. Ukibaki, aufunge na kuurudisha kwenye friji, utakaa siku tatu bila kuharibika. Hakuna sheria inayosema kuwa chupa ikifunguliwa lazima imalizwe usiku huo huo!

Ugomvi wangu ni na hilo neno "dawa".

Hadithi hii ilienea mwaka wa 1991, wakati kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho 60 Minutes kilipomhoji mtafiti Mfaransa, Serge Renaud. Swali lilikuwa ni kwa nini Wafaransa, pamoja na siagi na jibini zao, hawafi sana kwa maradhi ya moyo. Jibu lililopendwa na watazamaji lilikuwa mvinyo mwekundu, na madukani Marekani mauzo yake yakapanda ghafla. Jambo ambalo halisimuliwi ni kwamba mwaka huo huo Ufaransa yenyewe ilipitisha sheria, iitwayo sheria ya Évin, ya kubana matangazo ya pombe na kuyalazimisha yawaonye watu kuhusu afya zao. Mvinyo haukusamehewa.

Tangu hapo watafiti wamegundua kasoro katika hesabu za zamani. Miongoni mwa wale walioandikwa kuwa "hawanywi" walikuwamo watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Bila shaka wanywaji wa glasi moja wangeonekana wana afya kuwapita hao. Nalo Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mnamo Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Pombe husababisha kansa, ikiwemo ya koo na ya matiti, na pia hupandisha shinikizo la damu, ugonjwa ule ule ambao wengi hudhani wanautibu kwa glasi ya jioni.

Hebu tufanye hesabu. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13.5 ina takriban gramu 80 za alkoholi. Tusker ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina kama gramu 17. Kwa hivyo mama anayemaliza chupa moja ya mvinyo na mumewe jioni amekunywa sawa na Tusker mbili na zaidi, na mumewe vile vile. Wakifanya hivyo kila jioni, kila mmoja amekunywa karibu Tusker 17 kwa juma, ingawa hakuna jirani atakayewaita walevi. Wataalamu wa Ufaransa, tangu 2017, huwashauri watu wao wasipitishe gramu 100 kwa juma, wasinywe kila siku, na wasipitishe gramu 20 kwa siku. Gramu 100 ni chupa moja na robo tu kwa siku zote saba, na hicho ni kikomo, si dozi.

Mjamzito asinywe kabisa. Anayetumia dawa za kifua kikuu vile vile, kwa kuwa ini lake tayari limelemewa. Mgonjwa wa sukari anayedungwa insulini anaweza kuishiwa na sukari mwilini akiwa usingizini, saa kadhaa baada ya kunywa.

Kama ni moyo unaotaka kuulinda, basi tazama chakula kilicho kando ya glasi. Watafiti wa Hispania walifuata watu zaidi ya 7,000, wakachapisha matokeo mwaka wa 2013 na kuyasahihisha 2018: waliokula gramu 30 za njugu za aina mbalimbali kila siku, pamoja na mboga, matunda na samaki, walipatwa na kiharusi kwa nadra kuliko walioshauriwa tu wapunguze mafuta. Njugu si kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo. Thika ni mji wa makadamia, na karanga ziko katika kila soko.

Ombi langu ni kwa madaktari na wauguzi wa zahanati zetu. Mgonjwa wa presha akija, msimwulize tu, "Je, unakunywa pombe?" Wengi watajibu la, na hawatakuwa wanadanganya, kwa sababu kwao mvinyo si pombe. Mwulizeni ni chupa ngapi za mvinyo huisha nyumbani kwake kwa juma moja, na anazimaliza na nani.