Chomboni Nahodha Ni Mmoja

Ndugu msomaji, zipo starehe ambazo mtu hawezi kuzipata peke yake, na mojawapo ni matembezi ya baharini pamoja na marafiki. Fedha huchangwa kidogo kidogo, kazini au mtaani, hata siku ikiwadia utawaona watu wa Dar es Salaam wako Kunduchi wakingoja mashua ya kwenda Mbudya, au Msasani wakingoja ya kwenda Bongoyo. Mwendo ni wa nusu saa hivi, lakini mtu aliyezoea foleni na moshi wa magari hujiona kama amehama nchi. Kisiwani kuna kivuli cha mabanda ya makuti, samaki wa kuchoma, na mahali pa kuogelea watoto. Visiwa hivyo vilitengwa mwaka 1975 ili samaki na matumbawe yapate hifadhi, na kiingilio tunachotozwa ni mchango wetu katika kuvitunza.

Starehe hiyo ina adui mmoja ambaye aghalabu hatumtambui. Adui huyo ni ile aibu ya kumwambia rafiki kwamba nafasi imekwisha.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mmekubaliana kuwa watu kumi, na mashua imekodiwa kwa watu kumi. Asubuhi mmoja wenu anatokea na shemeji yake aliyewasili jana kutoka bara. Mwingine amefuatana na jirani. Wa tatu ameleta watoto wawili, naye anasema watoto hawahesabiwi maadamu watapakatwa. Wote ni watu wema, na kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Basi mashua ya watu kumi inang'oa nanga ikiwa na watu kumi na wanne, huku nyimbo zikiimbwa.

Bahari haimjui shemeji. Kadiri chombo kinavyoelemewa, ndivyo ukingo wake unavyokaribia maji, na wimbi ambalo lingepita chini yake humwagika ndani. Maji yakishaingia hayatulii. Chombo kikiinama kidogo, nayo hukimbilia upande ule ule na kukiinamisha zaidi. Hapo watu wakisimama kwa pamoja upande mmoja kuwatazama pomboo, au kupiga picha kwa simu, chombo hupinduka kabla hujaipata jaketi ya kujiokolea iliyosukumizwa chini ya kiti.

Taifa letu limefundishwa somo hili kwa machozi. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei, 1996, ikiwa imekaribia Mwanza. Tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya 250, na watu 228 wakafariki dunia. Hivyo vilikuwa vyombo vya usafiri, wala si vya matembezi, lakini vyote vitatu vilijazwa kupita kiasi. Na wale wa Ukara nchi kavu walikuwa wakiiona.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku ya matembezi kila mwenye kuchanga hujiona nahodha, naye nahodha wa kweli hugeuzwa kuwa mtumishi. Kumbuka, ndugu yangu, kwamba yule naye ni mfanyakazi kama wewe. Anaitegemea nauli yako kwa chakula cha watoto wake, hivyo ni vigumu kwake kukukatalia. Usimtie majaribuni kwa kumwongezea noti ili ampakie mtu wa kumi na moja. Ulicholipia ni safari. Busara yake ya kazi haikuuzwa.

Na akisema turudi, rudini. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari iliyolala asubuhi huweza kuchafuka alasiri. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita 3, na mahali mliposhukia kwa urahisi panaweza kubaki miamba mitupu. Yeye anayajua hayo. Ninyi mnajua tu kwamba samaki bado hajaiva.

Kwa hiyo mambo haya yamalizeni mkiwa nchi kavu. Andikeni majina ya wasafiri wote, na mtoto wa kupakatwa aandikwe. Orodha moja iachieni mtu wa nyumbani, pamoja na jina la kisiwa na saa ya kurudi. Kila mtu aivae jaketi yake kabla ya kuondoka, na ya mtoto iwe ya kipimo chake. Pombe isimfikie nahodha. Takataka zenu zirudi nanyi mjini.

Tena mchagueni mmoja wenu, mtu mzima anayeheshimiwa, apewe kazi ya kusema hapana kwa niaba ya wote. Shemeji hatafukuzwa. Atakaribishwa kivulini angoje mashua irudi kumchukua kwa safari ya pili, naye atakuwa amechelewa kwa saa moja tu. Kama atanuna, mwekeeni kipande kizuri cha samaki na kumwomba radhi akifika. Aliyenuna huombwa radhi akacheka. Aliyezama hana wa kumwomba.

Nawatakia matembezi mema na marejeo ya salama.