Kompyuta Nyumbani: Wasia na Umeme Usiobisha Hodi

Hapa Kayanga umeme hukatika bila kubisha hodi, na wasia uliokuwa ukiandikwa kwenye kompyuta hupotea kabla haujahifadhiwa. Sisi tunatumia LibreOffice, mrithi wa OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Kuinakili ni ruhusa. Hakuna haki ya mtu inayoliwa.

Kila umalizapo aya, bonyeza Ctrl na S. Kisha ingia Tools, Options, Load/Save, General. Weka tiki penye AutoRecovery, dakika 2. Umeme urudipo, ifungue programu, ukubali kurejeshewa waraka, uuhifadhi upya papo hapo.

Wasia ni amana. Ukikamilika, uchapishe, uutie sahihi mbele ya mashahidi.